Mashine Imezimwa, Kifua Bado Kinatetemeka

Mtaani kwao walimwita Injinia, na jina hilo hakulipata chuoni. Alilipata siku mashine ya kusaga ilipogoma foleni ikiwa imefika barabarani. Fundi alikuwa hapatikani, mumewe alikuwa amesafiri, naye akaona asisimame tu kama mgeni. Akajifunga kitambaa kichwani, akajitosa chini ya mkanda na spana mbili. Alitoka saa nzima baadaye amepakaa grisi mpaka kwenye nyusi, akabonyeza swichi, mashine ikanguruma. Mteja mmoja akasema huyu si mama wa nyumbani, huyu ni injinia. Watu wakacheka, jina likamganda. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini. Sasa ana hamsini na sita, na hata wajukuu wanamwita Bibi Injinia.

Chumba chenyewe cha mashine si cha kujivunia. Kina mlango mpana mbele, dirisha la nondo nyuma, na katikati mashine imefungwa kwa nati nne juu ya zege. Mota iko pembeni, na kati ya viwili hivyo unakimbia mkanda mweusi wa mpira ambao ukikushika nguo haukuulizi habari. Kila kitu humo ndani kina rangi ya unga. Hata buibui wa darini ni weupe.

Mlangoni, kwenye mzani, hukaa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na mahindi yenye mawe hayapiti mbele yake. Hawa wawili wamefanya kazi pamoja tangu mume alipofariki, miaka sita sasa, na hakuna siku iliyopita bila kurushiana maneno. Wifi atasema unga wa leo umetoka mnene kwa sababu msagaji amezeeka. Injinia atajibu kwamba mzani unasoma vibaya kwa sababu aliyekikalia kiti cha pembeni anaitetemesha nyumba nzima. Ndio utani wao. Siku wakinyamaza, wateja huuliza nani anaumwa.

Sasa, kuna jambo ambalo wasagaji wote wanalijua, na ukimweleza mtu wa kazi nyingine atakutazama tu. Ukishinda umeegemea mashine tangu asubuhi, jioni mashine huondoka na wewe. Unafika nyumbani, unashika kikombe, chai inacheza. Unajilaza, kitanda kinanguruma. Meno, magoti, mbavu, vyote vinaendelea na kazi wakati wewe umeshafunga mlango. Inachukua saa moja au mbili, kisha mwili unatulia. Wao husema, "Leo mashine imenifuata," na maneno yanaishia hapo.

Kwa hiyo kifua cha Injinia kilipoanza mambo yake, yeye hakushtuka hata kidogo. Kulikuwa na kitu kinapapatika humo ndani, upande wa kushoto, kama kuku aliyefungwa miguu. Kinapapatika, kinaacha. Mara nyingine moyo ulidunda haraka haraka, ukanyamaza kidogo, kisha ukadunda kishindo kimoja kizito kilichomfanya ameze mate. Hakikuuma. Akasema mashine imemfuata, akaendelea na maisha yake.

Miezi minne ikapita hivyo. Kuku yule akawa anakuja asubuhi pia, kabla hata ya kufungua kazi. Kile kimlima kifupi cha kutoka nyumbani, ambacho zamani alikipanda huku akizungumza kwa simu, sasa alikipanda kimya, na kileleni alisimama akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alikosea siku moja akakitaja kifua mbele ya wateja. Jamani, ukitaka kujua mtaa wenu una madaktari wangapi, taja kifua kwenye foleni ya unga. Wa kwanza akasema ni gesi. Wa pili akasema ni mawazo ya ujane. Wa tatu akasema ni umri, na huyo hakusagiwa vizuri siku hiyo. Wa nne akasema ni vumbi, na Injinia akaipenda hiyo ya vumbi kwa sababu ilikuwa karibu na kazi yake na haikudai chochote.

Wifi yake tu ndiye hakuchangia. Aliinamia mzani akasema, "Wifi, nenda ukaonwe." Hakuweka utani wowote pale. Injinia akamwambia aendelee kupima.

Halafu mota ikaungua. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Ukatoka moshi wa harufu kali, mashine ikalegea, ikanyamaza. Fundi wa kusuka mota akaja na mkokoteni akaichukua, akasema siku tatu. Injinia hakuona sababu ya kukaa nyumbani. Alikuja kila siku, akafagia, akakung'uta chujio, akakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea.

Jumatano alasiri alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, peke yake, mlango wazi, barabara kimya. Alikuwa hajagusa mashine inayozunguka kwa siku mbili na nusu. Na kuku akaanza. Akapapatika, akaacha, akapapatika tena, akaendelea kwa dakika nzima. Injinia akanyoosha mkono akaushika mwili wa mashine. Ulikuwa wa baridi na umetulia tuli. Akaweka mkono mwingine kifuani. Akakaa hivyo, mkono mmoja huku, mwingine kule, na hofu ikamwingia ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Mashine haikuwa imemfuata. Hiki kilikuwa chake mwenyewe.

Mtu mwenye akili, utasema, angefunga mlango palepale akaenda zahanati. Na Injinia ana akili, nakuhakikishia. Lakini akili yake ilikwenda mbele kuliko miguu. Aliona yote kama yameshatokea: daktari anatikisa kichwa, anamwambia kazi basi, mama, kaa nyumbani upumzike. Mashine inauzwa, au inapewa kijana wa kuibomoa. Yeye anaketi kibarazani na jina la Injinia ambalo halina injini. Hilo lilimtisha kuliko kufa, na nasema hivyo kwa sababu baadaye alilisema mwenyewe. Basi akafyata ulimi. Mota iliporudi Alhamisi alifurahi kupita kiasi, kwa sababu sasa alikuwa tena na kitu cha kukisingizia.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Jumanne iliyofuata, foleni ndefu, alinyanyua nusu gunia la mahindi alimwagie kwenye mdomo wa juu wa mashine, kama anavyofanya mara thelathini kwa siku. Kifua kikaanza. Safari hii pumzi ikakatika, masikio yakaziba, chumba kikaanza kuondoka taratibu kuelekea kushoto. Gunia likamponyoka. Akayumba upande wa mkanda.

Wifi hakupiga kelele. Mwili ule mkubwa uliruka kutoka kwenye kiti kwa namna ambayo wateja wanaisimulia hadi leo. Mkono mmoja ukabonyeza swichi, mwingine ukamshika Injinia mgongoni kwa nguo na kumvuta nyuma. Mkanda ukazunguka, ukapunguza mwendo, ukasimama. Mahindi yalikuwa yametapakaa sakafu nzima.

"Ni vumbi," Injinia akasema alipopata sauti.

"Tangu lini vumbi linamwangusha mtu?"

"Nimekosa chakula cha asubuhi."

"Umekula mbele yangu." Wifi akamketisha chini, akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. "Wifi, nitazame. Hiki kifua kinakusumbua hata ukiwa hujasaga?"

Injinia angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo tayari, mzuri tu. Lakini alikuwa amechoka, na uso ule ulikuwa karibu mno. "Hata zile siku tatu mashine ilipokuwa imezimwa," akasema. "Usinipeleke. Wataniambia niache kazi. Nikiacha mashine mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa hai," wifi akasema, akainuka kuwageukia watu. "Leo tumefunga. Kila mtu achukue mahindi yake." Mzee mmoja akaguna kwamba ametoka mbali. Wifi akamwambia ametoka mbali kwa miguu mizima, arudi kwa miguu hiyohiyo, na yule mzee mwenyewe ndiye aliyesaidia kuvuta mlango.

Zahanati iko mitaa miwili kutoka hapo. Tabibu ni kijana wa miwani ambaye Injinia alimsagia unga wa uji tangu yuko shule ya msingi. Akampima presha, akamshika mkono akihesabu mapigo, akakunja uso, akahesabu tena.

"Kinauma, mama?"

"Hakiumi. Kingekuwa kinauma ningekuja mapema."

"Hapo ndipo wengi mnapotuchelewesha. Si lazima kiume." Akasogeza kiti. "Kinapoanza, kinadunda kwa mpango? Nigongee mezani."

Injinia akamgongea kwa kidole. Alijua kupiga midundo ya mashine, huyu mama. Mkanda uliolegea, nati iliyokatika, kila kimoja na mdundo wake. Aliyogonga pale haikuwa na mpango wowote. Miwili ya haraka, kimya, mmoja, mitatu, kimya kirefu, mmoja. Tabibu akasikiliza mpaka mwisho.

"Kifua kinabana? Kama umewekewa mzigo juu? Maumivu yanakwenda mkononi, shingoni, kwenye taya, mgongoni?"

"Hapana."

"Jasho la baridi? Kutapika? Umewahi kuzimia?"

"Leo ilibaki kidogo. Na pumzi iliniishia."

"Basi utakwenda hospitali leo, si kesho. Nakuandikia barua sasa hivi." Akaanza kuandika, huku akisema bila kuinua kichwa. "Kungekuwa kupapatika peke yake, kunakuja sekunde chache kunaondoka, na wewe mzima, ningekwambia upimwe wiki hii bila haraka. Kupapatika pamoja na kizunguzungu na kukosa pumzi hakungoji. Na kule kubana nilikokuuliza, kukikaa dakika kadhaa bila kuondoka, hata kwangu usipite. Moja kwa moja dharura, na usiende peke yako. Watu wanasubiri waone kama ni gesi. Gesi utaambiwa hukohuko."

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuza uso akatazama nje. Tabibu akagonga muhuri.

Hospitalini walilazimika kungoja, lakini ile barua ilifanya kazi yake na hawakungoja sana. Injinia akalazwa kwenye kitanda chembamba, akabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni. Mpimaji akamwambia asiongee. Hilo lilikuwa gumu. Aliuliza hii mashine inasoma nini, akaambiwa inasoma umeme wa moyo. Akauliza kama ina fyuzi. Mpimaji akacheka akaomba kurudia kipimo kwa sababu mgonjwa alikuwa anatikisika. Karatasi ikatoka taratibu, imechorwa vilima vidogo, na hata yeye asiyejua kuisoma aliona kwamba vilima havikukaa kwa nafasi sawa.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Aliitandaza karatasi mezani.

"Moyo una vyumba vya juu na vya chini," akasema. "Vyako vya juu, badala ya kusukuma, vinatetemeka."

"Kwa hiyo kweli vinatetemeka," Injinia akasema, kidogo kama mtu aliyeshinda kesi.

"Kweli kabisa. Hukukosea ulichokihisi. Ulikosea kinatoka wapi." Daktari akatabasamu, kisha akaacha. "Tatizo ni kwamba damu ikizubaa humo juu inaweza kuganda. Donge likitoka hapo likapanda kichwani, ni kiharusi. Miezi minne umetembea na hatari hiyo. Lakini umekuja kwa miguu yako na unaongea, tena sana, kwa hiyo tuna mahali pa kuanzia."

Akaeleza dawa mbili, moja ya kutuliza mwendo wa moyo, moja ya kuzuia damu isigande, zote za kila siku bila kuruka. Akaagiza damu ipimwe, pamoja na tezi ya shingoni, ambayo mara nyingine ndiyo huchokoza moyo. Akataka amwone tena baada ya wiki mbili. Injinia alisikia nusu tu. Alikuwa anasubiri ile sentensi, na ilipokuwa haiji akaitafuta mwenyewe.

"Na mashine, daktari? Niache?"

"Unafanya nini hasa kwenye hiyo mashine? Nieleze hatua kwa hatua."

Akaeleza yote, magunia, mkanda, chujio, spana. Daktari alisikiliza kwa makini.

"Magunia basi, mpaka nikuruhusu. Karibu na mkanda usikae peke yako, na anayekaa nawe ajue swichi ilipo. Wiki hii lala nyumbani, dawa zishike. Baada ya hapo kasage. Sina sababu ya kukukataza kazi yako."

Injinia akaomba arudiwe. Akarudiwa. Machozi yakamtoka palepale mbele ya mtu asiyemjua, na hakuyafuta kwa sababu hakuwa na aibu nayo.

"Swali la mwisho," daktari akasema akiandika. "Kwenye ukoo wenu kuna aliyefariki kwa moyo, au ghafla?"

"Kwetu hakuna. Mume wangu alikufa ghafla, lakini si damu yangu. Alikuwa mzima, akaanguka asubuhi. Miaka hamsini na moja."

Nyuma yake kiti alichokalia wifi kikakwaruza sakafu. Wifi alikuwa ameshatoka nje.

Alimkuta kwenye benchi la korido, mikono imeshikana mapajani, mwili ule mkubwa umekuwa mdogo. Injinia akaketi. Akataka kumtania kwamba mgonjwa ni mmoja tu, lakini wifi akamtangulia.

"Hakufa ghafla," wifi akasema. "Nimekaa na neno hili miaka sita. Alipita kwangu asubuhi ile kabla hajaenda kufungua mashine. Aliniambia dada, kifua kinabana, na mkono huu umekufa ganzi. Nikamwambia ni gesi. Nikampa maji ya moto, nikamkanda mgongo. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Leo yule kijana alipokuwa anakuuliza, ni kama alikuwa anamsoma kaka yangu."

Kwa muda mfupi Injinia alimchukia. Ni kweli, tusidanganyane. Alimchukia kwa moyo wake wote ule mbovu, akamwona amekaa mlangoni pa mashine miaka sita, anacheka, anapima, na hilo analo ndani. Muuguzi akapita akisukuma kitanda kitupu. Magurudumu yakafika mwisho wa korido, yakakata kona.

"Na mimi aliniambia," Injinia akasema.

Wifi akageuka.

"Kabla hajaja kwako. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akasimama akashika kifua. Akasema tangu jana jioni hakiko sawa. Nikamwambia mashine imekufuata, kitatulia. Sikuinua hata kichwa. Nilikuwa natafuta funguo. Nilipoletewa habari nikawaambia watu alikuwa mzima, na nimewaambia hivyo mpaka leo."

Hakuna aliyemwambia mwenzake usilie. Walilia wote wawili kwenye benchi lile, mchana kweupe, watu wakipita na karatasi zao, na kwa mara ya kwanza walimlilia mtu yule pamoja, kwa sababu kwenye msiba kila mmoja alilia kivyake akiwa na lake la kuficha. Mwisho Injinia akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha akamtazama wifi yake kwa jicho lile analotazamia mashine, la kutafuta wapi panavuja.

"Wewe ni damu yake," akasema. "Baba mmoja, mama mmoja. Umewahi kupimwa?"

"Mimi sina kitu."

"Ndivyo alivyosema yeye. Ndivyo nilivyosema mimi. Inuka."

"Wifi, hatukuja kwa ajili yangu."

"Sasa tumekuja kwa ajili yako. Inuka, au nikunyanyue, na mimi nimekatazwa magunia."

Wifi akacheka huku kamasi zikimtoka, akainuka kwa shingo upande. Injinia akasukuma mlango bila kubisha. "Daktari, samahani, kuna mwingine. Marehemu alikuwa mdogo wake." Daktari akaweka kalamu chini, akaonyesha kiti. Wifi akakunja mkono wa blauzi. Injinia akasimama mlangoni akaziba njia, mpaka kipimo kilipoisha.

Presha ilikuwa juu, na ilionekana iko huko siku nyingi. Daktari alisema hivyo bila kumtisha, akasema ni ya dawa na ya kufuatilia, na moyo wenyewe utapimwa kesho asubuhi. Wakatoka kwenye dirisha la dawa jua likiwa bado kali, kila mmoja na bahasha yake mkononi, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta wakisubiri usafiri.

"Kaka yangu angekuja," wifi akasema, "kama tungemwambia twende?"

Injinia akafikiri. Hakutaka kumpa jibu la kumbembeleza.

"Angekuja," akasema. "Angenung'unika njia nzima, lakini angekuja."